Maswali ya Wasomaji: Breki ya Mkono Hurekebishwa Kuanzia Gurudumuni

Tangu mvua za masika zianze kunyesha jijini, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinahusu breki ya mkono, na karibu zote zinasimulia kisa kile kile: breki ililegea, fundi akakaza nati iliyo chini ya mkono wa breki, breki ikashika kwa siku chache, kisha ikalegea tena au gurudumu likaanza kuchemka. Nimechagua barua sita ambazo kwa pamoja zinagusa karibu kila aina ya breki ya kuegeshea inayopatikana kwenye magari yetu. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu mengine yanaitegemea, na ninamwomba msomaji aisome hata kama gari lake ni la aina nyingine.

Swali: Salamu, Fundi. Ninaendesha Toyota Probox na kila alfajiri ninabeba mboga kutoka Wangige hadi Gikomba. Mkono wa breki ulikuwa ukipanda hadi mwisho bila gari kushika, nikalipeleka gari kwa fundi akakaza kebo. Ilishika vizuri kwa wiki moja, ikalegea, akakaza tena. Sasa mkono ni mgumu na unapanda meno matatu tu, yaani unalia mara tatu, lakini nikifika sokoni gurudumu la nyuma la kushoto huwa na joto kali na harufu ya kuungua, na kwenye mlima gari bado linarudi nyuma. Je, ninunue kebo mpya? *(Dereva, Kangemi)*

Jibu: Ndugu dereva, usinunue kebo kwanza, na tafadhali usibebe mzigo tena kwa gari hilo kabla magurudumu ya nyuma hayajafunguliwa na kukaguliwa. Joto na harufu unayoieleza ni dalili kwamba viatu vya breki (vipande vya chuma vyenye umbo la upinde) upande wa kushoto haviachii dramu, yaani ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, vinaisugua njia nzima. Joto hilo haliishii kwenye dramu, bali hupenya hadi kwenye mafuta ya breki yaliyo ndani ya silinda ya gurudumu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya kufikia nyuzi 205 za Selsiasi, na yale ya DOT 4 nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu wa hewa kwa muda mrefu viwango hivyo vya chini huwa 140 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, pedali huzama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Hivyo ndivyo hitilafu iliyoanzia kwenye breki ya mkono inavyoweza kumnyang'anya dereva breki ya mguu akiwa na mzigo kwenye mteremko.

Sababu ya yote haya iko ndani ya dramu. Katika Probox, sawa na Vitz na magari mengine mengi madogo yenye dramu nyuma, pedali na mkono hutumia viatu vile vile. Pedali huvisukuma kwa mafuta kupitia silinda, na mkono huvivuta kwa kebo kupitia wenzo mfupi wa chuma uliofungwa kwenye kiatu kimoja. Laini, yaani tabaka za kusugulia zilizogundishwa kwenye viatu, zikiliwa, nafasi kati yake na dramu hupanuka, na mkono hulazimika kupanda meno mengi zaidi kabla viatu havijagusa. Mahali pa kuziba nafasi hiyo ni kwenye skrubu ya kurekebishia iliyo kati ya viatu viwili, ile yenye kichwa cha meno. Fundi anapoiacha skrubu hiyo na kukaza kebo, anaufanya ule wenzo wa ndani ubaki umevutwa nusu hata pale mkono unapokuwa umeshushwa kabisa. Viatu haviwezi tena kurudi na kukaa mahali pake pa kupumzika, na utaratibu wa kujirekebisha wenyewe, ambao kwa baadhi ya magari hufanya kazi pedali inapokanyagwa na kwa mengine mkono unapovutwa, hukwama. Laini huendelea kuliwa, kebo hukazwa tena, na mwenye gari hulipa tena kwa kazi ambayo haikufanywa.

Kwa hiyo kazi ianze upya, na ianze kwa kulegeza. Gari liegeshwe mahali tambarare penye sakafu ngumu, jambo ambalo ni la lazima ingawa gereji nyingi zetu za kando ya barabara hazina mahali hapo. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa kabari mbele na nyuma, kwa sababu mkono wa breki utakuwa umeshushwa na gia itakuwa nyutro, yaani hakuna kitu kingine kitakacholizuia gari. Nyuma painuliwe kwa jeki, kisha gari lilazwe juu ya stendi mbili imara. Mtu yeyote asiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Baada ya hapo nati ya kebo, ambayo kwa magari mengi ya aina hii iko chini ya mkono wa breki, ndani ya kifuniko cha plastiki kati ya viti, ilegezwe hadi kebo zining'inie bila mvuto wowote.

Sasa dramu zitolewe. Ikikataa kutoka, isipigwe nyundo kwa hasira, kwani huenda viatu vimejichimbia mfereji ndani yake. Kizibo cha mpira kwenye bamba la nyuma hutolewa, na skrubu ya kurekebishia ikarudishwa kwa bisibisi hadi viatu vijikunje. Dramu nyingi pia zina matundu mawili yenye hesi, yaani mikato ya skrubu, ambamo bolti huingizwa na kukazwa taratibu, nayo dramu ikasukumwa nje. Vumbi lililo ndani lisipulizwe kwa hewa ya kompresa. Ninalisisitiza hili kwa sababu vijana wanaojifunza kazi kwenye gereji zetu hulivuta vumbi hilo kila siku, na laini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo nyuzi zake husababisha saratani ya mapafu miaka mingi baada ya kuvutwa. Lilowanishwe kwa maji au dawa ya kusafishia breki, kisha lifutwe kwa kitambaa kinachotupwa.

Fundi atazame mambo manne. La kwanza ni unene wa laini, ambao kwa viatu vya Toyota haupaswi kushuka chini ya milimita 1 mahali popote. La pili ni unyevu: mpira wa silinda ukivutwa kidogo na mafuta yakaonekana nyuma yake, silinda hiyo inavuja, na laini iliyolowa mafuta haisafishiki kwa petroli wala kwa moto. Viatu hivyo hubadilishwa, na hubadilishwa pande zote mbili. La tatu ni kipenyo cha dramu, kwani kikomo chake kimepigwa muhuri kwenye chuma chenyewe. La nne, ambalo kwako wewe ndilo ninalolishuku zaidi, ni kebo ya kushoto. Ichomolewe kwenye wenzo wa ndani na kuvutwa kwa mkono. Inatakiwa kuteleza ndani ya gamba lake na kurudi bila kusitasita, na ikikwama hapo ndipo utakapojua kwamba fedha za kebo mpya hazitapotea. Kebo iliyokwama kwa kutu upande mmoja inaeleza vizuri malalamiko yako yote mawili. Upande huo hauachii, ndiyo maana unachemka, na laini zilizochemka hung'aa na kuwa ngumu kiasi cha kupoteza uwezo wa kushika, ndiyo maana gari linarudi nyuma ijapokuwa mkono ni mgumu.

Baada ya kubadilisha kilichoharibika, skrubu za kurekebishia zisafishwe hesi zake, zipakwe grisi ya breki inayostahimili joto, na kila moja irudi upande wake, kwa kuwa hesi ya kushoto na ya kulia mara nyingi huelekea kinyume. Ikibadilishwa upande, itajilegeza badala ya kujikaza. Dramu irudishwe, skrubu izungushwe hadi gurudumu ligome kuzunguka, kisha irudishwe meno machache hadi gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Kwa Toyota nyingi maelekezo ni kurudisha meno 8. Pedali ikanyagwe mara kadhaa ili viatu vijipange, na upande wa pili ufanyiwe vivyo hivyo.

Ni hapa tu, mwishoni, ndipo kebo inaporudiwa. Nati ikazwe kidogo kidogo hadi mkono, ukivutwa kwa nguvu ya kilo 20 hivi, ufike idadi ya meno iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Kwa Toyota nyingi ndogo ni kati ya 6 na 9. Ukiushusha, magurudumu yote mawili yazunguke bila kizuizi. Ukiuvuta polepole, yaanze kushika pamoja. Kati ya kebo mbili na mkono kuna kipande cha chuma kinachogawa mvuto sawasawa, nacho kikiwa kimepinda kando badala ya kunyooka, upande mmoja bado unavuta kuliko mwingine na kazi haijaisha.

Ukitaka kujua breki nzuri ya mkono inapaswa kubeba kiasi gani, kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu breki za magari madogo zinadai kwamba gari lililobeba mzigo wake kamili lishikiliwe kwenye mwinuko wa asilimia 20, likielekea juu au likielekea chini, na kwamba mkono usidai nguvu inayozidi nyutoni 400, ambazo ni kama kilo 40. Probox yenye magunia ya kabichi hupata haki yake ya kushikiliwa pale tu mzigo usipozidi uzito ambao gari liliundwa kuubeba.

Swali: Nina Vitz ya otomatiki na ninaishi kwenye jengo la ghorofa lenye maegesho ya mteremko. Huweka gia kwenye P na kuondoka, sijawahi kutumia breki ya mkono. Siku hizi asubuhi nikitoa P gia hugoma, kisha gari hushtuka kwa kishindo. Je, gia imeharibika? *(Mama wa watoto wawili, Kileleshwa)*

Jibu: Dada yangu, kuna uwezekano mkubwa kwamba gia bado ni nzima, lakini unaichosha kwa kazi isiyo yake. Unapoweka P, kidole kidogo cha chuma ndani ya gia huingia kati ya meno ya gurudumu moja na kuzuia mzunguko. Kwenye mteremko uzito wote wa gari hukilalia kidole hicho usiku kucha, na asubuhi inabidi kivutwe kwa nguvu kutoka chini ya uzito huo. Kishindo unachosikia ni gari kuachiliwa ghafla. Kumbuka pia kwamba P ya Vitz ambayo injini huzungusha magurudumu mawili ya mbele peke yake hushika magurudumu ya mbele tu. Breki ya mkono hushika ya nyuma, kwa hiyo mtu anayetumia zote mbili ameshikilia gari kwa magurudumu yote manne.

Mpangilio sahihi ni huu: simamisha gari kwa pedali, weka gia kwenye N (nyutro), vuta mkono wa breki hadi ushike, kisha inua mguu taratibu ili gari lilalie breki hiyo. Likitulia, kanyaga pedali tena, weka P, na uzime injini. Asubuhi fanya kinyume chake: washa injini, kanyaga pedali, toa P kwanza, kisha ndipo ushushe mkono. Kishindo hakitakuwapo. Kikibaki hata ukifuata utaratibu huu, hapo mpelekee fundi wa gia.

Hata hivyo, usiuvute mkono huo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi na kuuacha umefungwa usiku kucha. Kebo isiyotumika hushika kutu ndani ya gamba, na unaweza kuifunga breki ikakataa kufunguka. Gari likaguliwe nyuma kwanza, kama nilivyomweleza dereva wa Kangemi. Baadaye uitumie kila siku, kwa maana mwendo wa kila siku ndio unaoiweka kebo hai.

Na kwa kuwa una watoto wanaocheza kwenye maegesho hayo, geuza pia magurudumu ya mbele. Gari likitazama chini, yageuze yaelekee kwenye ukingo wa zege. Likitazama juu na ukingo upo, yageuze yaelekee mbali na ukingo, ili likirudi nyuma tairi liuegemee. Pasipo na ukingo wowote, yaelekezwe nje ya njia katika hali zote mbili.

Swali: Subaru Forester yangu ina diski nyuma. Nimebadilisha padi za nyuma na diski zinang'aa, lakini nikisimama kwenye foleni ya Museum Hill na kuvuta hendibreki, gari linateleza. Zaidi ya hayo, ninasikia mkwaruzo nyuma ninapotembea polepole. Fundi anasema padi hazikuwa nzuri. *(Msomaji, Parklands)*

Jibu: Padi hazihusiki hata kidogo. Kwenye Forester za mkono wa kuvuta, diski ya nyuma ina dramu ndogo katikati yake, ndani ya ile sehemu iliyovimba inayokaa juu ya kitovu cha gurudumu. Humo ndani kuna jozi ya viatu vidogo vinavyotumiwa na breki ya mkono peke yake. Pedali hubana padi kwenye uso wa diski, na mkono hutanua viatu ndani ya dramu. Ni mifumo miwili isiyogusana, na mtu anaweza kubadilisha padi mara kumi bila kuifikia breki ya mkono.

Kwa kuwa viatu hivyo hufanya kazi gari likiwa limesimama, ni nadra laini zake kuisha kwa kuliwa. Huharibika kwa njia nyingine. Tope na maji ya mvua huingia na kukaa, bati la kiatu hushika kutu, na laini hubanduka kutoka kwenye bati hilo. Kipande kilichobanduka huzunguka ndani ya dramu na kutoa mkwaruzo kama huo unaousikia. Ninashauri diski zifunguliwe wiki hii, kwani kipande hicho kikijibana kinaweza kulifunga gurudumu ukiwa mwendoni.

Ili diski itoke, kalipa, yaani kifaa kinachobana padi, hufunguliwa na kufungwa pembeni kwa waya, isiachwe ikining'inia kwa mpira wake wa mafuta. Kisha skrubu ya kurekebishia hurudishwa kupitia tundu lake. Diski ikivutwa kwa nguvu wakati viatu vimejichimbia ndani, springi na pini zinazovishikilia zitang'oka. Viatu vinunuliwe pamoja na springi zake zote, maana springi iliyolegea ndiyo inayorudisha mkwaruzo baada ya mwezi. Marekebisho hufuata mpango ule ule: kebo ilegezwe, skrubu ikazwe hadi diski igome na kurudishwa meno yaliyotajwa na mtengenezaji, na kebo iwe ya mwisho.

Kuna hatua moja ambayo sioni ikifanywa mara nyingi Nairobi, nayo ndiyo inayoleta tofauti kubwa kwenye breki za aina hii. Viatu vipya havijalingana na duara la dramu, kwa hiyo hugusa sehemu chache tu na kushika kwa udhaifu. Vinahitaji kuzoeshwa. Kwenye breki zake za muundo huu, Toyota huelekeza gari liendeshwe kwa kilomita 50 kwa saa kwenye barabara salama, tambarare na kavu, kitufe cha mkono kikiwa kimebonyezwa wakati wote, mkono uvutwe kwa nguvu ya kilo 9 tu kwa umbali wa mita 400 hivi, na jambo hilo lirudiwe mara mbili au tatu. Kwa Subaru fuata mwendo na umbali wa kitabu chake, lakini msingi ni huo huo: mvuto mwepesi, masafa mafupi, na muda wa kupoa katikati. Kazi hii ifanyike Jumapili alfajiri mahali pasipo na magari, na kamwe isifanyike wakati wa mvua.

Swali: Noah yangu ina breki ya kuegeshea ya kukanyaga kwa mguu. Nimeifungua lakini taa nyekundu yenye alama ya mshangao haizimi. Naweza kuendelea kuendesha? *(Msomaji, Umoja)*

Jibu: Usiendeshe kabla ya kufungua boneti. Taa hiyo ina kazi mbili kwenye magari mengi: huwaka breki ya kuegeshea ikiwa imefungwa, na huwaka mafuta ya breki yakipungua. Tazama chupa ya mafuta ya breki. Yakiwa chini ya alama ya MIN, ama padi zimeisha sana, na mafuta yamejaza nafasi iliyoachwa nyuma ya pistoni, ama kuna mahali panapovuja. Kuongeza mafuta na kuondoka ni kuizima taa huku hatari ikibaki pale pale. Mafuta yakiwa sawa, basi hakikisha pedali ya kuegeshea imerudi juu kabisa. Kwa baadhi ya magari hukanyagwa mara ya pili ili iachie, kwa mengine kuna kishikio cha kuvuta. Ikiwa imerudi na taa bado inawaka, kagua swichi ndogo iliyo juu ya pedali hiyo, ambayo mara nyingi huhitaji kusogezwa au kubadilishwa tu.

Swali: Nilinunua Volkswagen Golf iliyotumika, yenye kitufe badala ya mkono wa breki. Fundi alipobadilisha padi za nyuma alirudisha pistoni kwa klampu, na sasa kitufe kinawaka njano na breki ya kuegeshea haishiki. Anataka kuvunja kalipa. *(Msomaji, South B)*

Jibu: Mzuie. Kwenye breki ya aina hiyo kila kalipa ya nyuma imefungwa mota ndogo ya umeme inayozungusha skrubu ndani ya pistoni. Pistoni hairudi nyuma kama skrubu hiyo haijarudi kwanza, na skrubu hurudi kwa amri ya kompyuta ya gari peke yake. Kabla padi hazijaguswa, mashine ya uchunguzi huunganishwa, breki ikawekwa kwenye hali ya matengenezo, mota zikarudi, na ndipo pistoni inaposukumwa. Padi mpya zikishaingia, mashine hiyo hiyo huiamuru breki ijifunge na kupima upya nafasi zake. Kulazimisha pistoni kwa klampu kunaweza kuvunja meno ya mota au skrubu yenyewe.

Tafuta gereji yenye mashine inayosoma magari ya Volkswagen, isome hitilafu zilizohifadhiwa, na ijaribu kuzirudisha mota zote mbili huku mtu akisikiliza kila gurudumu. Mota inayonguruma bila pistoni kusogea imevunjika ndani. Isiyotoa sauti yoyote huenda imekatika waya. Ukifika hapo utajua unanunua nini. Mota nyingi za aina hii huuzwa peke yake bila kalipa, kwa hiyo kuvunja kalipa kabla ya uchunguzi ni hasara tupu.

Nakuongezea jambo ambalo wenye magari haya hulijua wakiwa wamekwama: betri ikifa breki ikiwa imefungwa, haifunguki, na gari lisikokotwe likiwa hivyo. Lipe umeme wa betri nyingine kwanza.

Swali: Niliacha gari langu nje kwa majuma kadhaa ya mvua, hendibreki ikiwa imevutwa, nikaenda nyumbani Kakamega. Niliporudi gurudumu moja la nyuma halizunguki. Jirani anasema nikanyage mafuta kwa nguvu litaachia. Na kebo ikihitajika, je, ile iliyotumika kutoka Japani inayouzwa Barabara ya Kirinyaga inafaa? *(Msomaji, Kayole)*

Jibu: Ushauri wa jirani utalifungua gurudumu, lakini unaweza kubandua laini nzima kutoka kwenye kiatu. Kilichotokea ni kwamba dramu ya chuma ilishika kutu huku laini ikiwa imeibana, na kutu hiyo ikaviunganisha. Kwanza hakikisha mkono umeshuka kabisa, kisha uchungulie chini kuona kama kebo imelegea. Kama bado imekazwa, tatizo liko kwenye kebo, na kulisukuma gari hakutasaidia. Kama imelegea, weka gia na ulisogeze gari taratibu mbele na nyuma, sentimita chache tu kila mara, bila kulilazimisha. Likikataa, inua upande huo juu ya stendi, magurudumu mengine yakiwa na kabari, kisha gonga dramu kwa nyundo ya mpira kuizunguka pande zote hadi usikie laini ikiachia. Hata ikiachia kwa urahisi, dramu ifunguliwe na laini zitazamwe kabla ya safari.

Siku nyingine ukiliacha gari kwa muda mrefu mahali tambarare, usivute mkono. Weka gia ya kwanza, au P kama ni otomatiki, na uzuie magurudumu mawili kwa kabari mbele na nyuma. Kabari ni za kununuliwa au za mbao zilizokatwa vizuri. Mawe huteleza, na yakiachwa barabarani humwangusha mwenye pikipiki usiku.

Kuhusu kebo iliyotumika, kwa kipuri hiki nashauri ununue mpya. Mlango wa gari au taa iliyotumika unaweza kuikagua kwa macho, lakini kutu ya kebo iko ndani ya gamba, na magari mengi tunayoagiza hufika hapa yakiwa na miaka mingi, mengine yakitoka sehemu za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Nenda na kebo yako ya zamani mkononi ili ulinganishe urefu wa waya na urefu wa gamba, kwani kebo ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazilingani, na zile za gari la magurudumu manne yenye nguvu hutofautiana na za gari la mawili hata kama jina la gari ni moja. Kabla hujalipa, ikunje kebo kwa duara pana na uivute huku na huku. Ikikwaruza hapo dukani, irudishe kwenye rafu.